Rolls-Royce Silver Shadow

Rolls-Royce Silver Shadow ni gari la kifahari la milango minne lililoundwa mjini Crewe, Uingereza, kuanzia mwaka 1965 hadi 1980. Yalitoka zaidi ya magari 25,000, idadi ambayo hakuna Rolls-Royce iliyotangulia iliyoifikia. Pacha wake, Bentley T, alitofautiana naye hasa kwa sura ya mbele na nembo. Kwa wingi huo, Shadow ni miongoni mwa Rolls-Royce za zamani zinazopatikana kwa urahisi zaidi sokoni, mara nyingi kwa bei ya gari la kawaida. Bei hiyo imewaponza wengi, kwa sababu thamani ya gari hili imo katika matunzo yasiyoonekana kwa macho.

Historia

Silver Cloud, iliyoitangulia, ilikuwa na bodi iliyofungwa juu ya chasisi. Mbunifu John Blatchley na wenzake waliachana na utaratibu huo, na katika Shadow bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote. Gari likawa fupi na jembamba kuliko Cloud, lakini ndani likawa na nafasi zaidi. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Paris, Oktoba 1965. Toleo la milango miwili, lililotengenezwa na Mulliner Park Ward, lilipewa jina la Corniche mwaka 1971.

Februari mwaka huohuo kampuni ilifilisika. Chanzo hakikuwa magari, bali gharama za kuunda injini ya ndege ya RB211. Serikali ya Uingereza iliichukua kampuni, na mwaka 1973 kitengo cha magari kikatengwa na kuwa kampuni inayojitegemea. Shadow iliendelea kuundwa muda wote huo. Mwaka 1977 ikaja Shadow II, yenye usukani sikivu zaidi na bampa zenye mpira, na mwaka 1980 Silver Spirit ikachukua nafasi yake.

Muundo

Injini ni ya alumini, yenye silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V. Ujazo wake ulikuwa lita 6.2, ukaongezwa hadi 6.75 mwaka 1970. Giaboksi ni ya otomatiki na magurudumu yote manne yana breki za diski. Milango, boneti na kifuniko cha buti ni vya alumini. Sehemu nyingine za bodi ni za chuma. Ndani kuna ngozi na mbao za mjozi.

Ufundi mkubwa zaidi uko katika haidroliki. Pampu mbili zinazoendeshwa na injini husukuma mafuta kwa presha kubwa hadi kwenye matufe yenye gesi ya naitrojeni, ambako presha huhifadhiwa. Presha hiyo hukaza breki na kuliweka gari sawa hata buti likijaa mizigo. Teknolojia ya kusawazisha gari ilitumiwa kwa leseni ya Citroën.

Kuuza na kununua

Namba ya chasisi ndiyo ya kusomwa kwanza. Herufi SRH humaanisha gari la kawaida lenye usukani wa kulia. SRX ni la usukani wa kushoto. Kisha washa injini hadi taa za onyo la breki zizimike, uizime na ukanyage breki tena na tena. Taa zikiwaka baada ya mara chache tu, matufe yamechoka. Shadow hutumia mafuta ya breki yaitwayo RR363, ilhali Silver Spirit hutumia mafuta ya madini. Aliyemimina ya Spirit ndani ya Shadow ameharibu sili zote, na kila sehemu ya mfumo lazima ifunguliwe.

Kutu hushambulia matao ya magurudumu, vizingiti vya chuma vilivyo chini ya milango na pembezoni mwa kioo cha nyuma, hasa panapofunikwa na paa la vinaili. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kazi ya kuchomelea bodi moja inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Shadow moja imewahi kuvunja kila kadirio. Ni ya mwaka 1974 na ilikuwa mali ya mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar. Novemba 2022 RM Sotheby's waliinadi jijini London kwa makadirio ya pauni 20,000 hadi 30,000. Ikauzwa kwa zaidi ya pauni 280,000, na fedha zikaenda kusaidia majeruhi wa vita nchini Ukraine. Aliyeinunua alilipia jina la mwenyewe. Shadow nyingine zote hupimwa kwa faili la risiti za fundi, na gari lenye faili nene, hata likiitishiwa bei mara mbili, ndilo la kununua.