Joseph Murumbi: Mkusanyaji aliyekataa kuuza sanaa ng'ambo

Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu, fundi wa milango ya nakshi, kwenda kupachika mlango kwenye nyumba moja mtaa wa Karen, Nairobi. Sebuleni tulikuta kigango kimesimamishwa pembeni, kimewashiwa taa yake. Mwenye nyumba akatwambia kwa fahari kwamba hiyo ni sanaa ya Pwani. Binamu akamuuliza: cha mzee gani? Hakujua.

Mimi ni Muislamu, na kigango hakimo katika ibada yangu. Lakini nimekua na majirani Wagiriama na najua kile husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa katika chama cha Gohu, na kikishachimbiwa hakichomolewi. Kwa hivyo siku ya pili, tukingoja basi la usiku la Mombasa, nilimpeleka binamu akaone mkusanyaji wa namna nyingine.

Jengo la Nyaraka za Taifa liko Moi Avenue, katikati ya mji. Zamani lilikuwa benki. Watu wa Pwani tunalijua sana kwa kuwa ndipo tunapoambiana "tukutane Archives", tukasimama nje saa nzima bila kuingia ndani. Ukiingia, ukumbi wa chini ndio wenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi: vinyago, ngoma, viti, nguo na silaha kutoka pembe nyingi za Afrika.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, baba Mgoa mfanyabiashara, mama Mmaasai. Alisomeshwa India. Chama cha KAU kilipovamiwa na viongozi wake kukamatwa mwaka 1952, yeye alishika kazi ya ukatibu mkuu, kisha akaenda kukaa uhamishoni London. Huko alikutana na Sheila, mkutubi, aliyekuja kuwa mkewe na mwenzake katika kukusanya. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na mwaka 1966 Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Hata mwaka haukuisha, akajiuzulu.

Jambo la kuangalia ni wakati wenyewe. Miaka ile kazi ya mikono ya Mwafrika ilihesabiwa kuwa kitu cha kumuuzia mtalii barabarani, au cha kupangwa makumbushoni pamoja na mifupa na ndege waliokaushwa. Kuitwa sanaa, na mwenyewe kuitwa msanii, kulikuwa nadra. Murumbi alinunua vitu hivyo kama vile tajiri wa Ulaya anavyonunua picha za wachoraji wake. Alan Donovan, Mmarekani, alipofanya maonyesho Nairobi ya vitu vya Waturkana, Murumbi alivutiwa, na mwaka 1972 yeye, Sheila na Donovan wakafungua African Heritage, duka na ukumbi wa sanaa ya bara zima.

Wanunuzi wa ng'ambo walimpa bei kubwa, akakataa. Aliiuzia serikali ya Kenya mkusanyiko wake kwa bei nafuu, pamoja na maelfu ya vitabu, vikiwemo zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka 1900. Makubaliano yalikuwa nyumba yake ya Muthaiga iwe taasisi ya masomo ya Kiafrika. Nyumba hiyo ilibomolewa. Sijui jina lingine la kuliita jambo hilo zaidi ya aibu.

Alifariki mwaka 1990, akazikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, kama alivyotaka. Sehemu nyingine ya mali yake iko Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, katika ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa iliyojengwa mwaka 1913. Ofisi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiandikisha vizazi, ndoa na vifo.

Sasa turudi kwa kigango. Mwaka 2019 Kenya ilipokea vigango 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver, Marekani. Vilikwenda huko kwa njia za wafanyabiashara na wakusanyaji, wengine bila shaka wakijiona wafadhili wanaookoa sanaa isiyojulikana. Vikapokewa na Makumbusho ya Taifa, si na familia. Utamrudishia nani, ikiwa aliyenunua hakuuliza ni cha mzee gani? Murumbi naye alikuwa mnunuzi, na sisemi kila kitu chake kina hati. Lakini alivyovipata aliviacha mahali ambapo mjukuu wa fundi anaweza kuingia na kuvitazama.

Binamu alikaa kimya njia nzima mpaka Mtito Andei. Siku hizi kila mlango anaoumaliza huchonga jina lake, mji na mwaka juu ya fremu, upande wa ndani.