Kasi ya Kuungua: Istilahi Inayochagua Baruti ya Bastola

Mwaka 1898 kampuni ya Laflin & Rand ya Marekani iliingiza sokoni baruti ya bastola iliyopewa jina la Bullseye. Kampuni yenyewe haipo tena. Baruti yake ilipita mikononi mwa DuPont, ikaenda Hercules, ikafika Alliant, na zaidi ya miaka 125 baadaye bado ina wapenzi wake. Karibu wakati huohuo Smith & Wesson walitoa risasi ya .38 Special, ambayo ganda lake lilipimwa kwa ajili ya baruti nyeusi, baruti inayotaka nafasi kubwa. Bullseye haitaki nafasi hiyo. Kipimo chake sahihi hufunika sehemu ya chini tu ya ganda, na ganda lilelile linaweza kumeza kipimo cha pili, hata cha tatu, bila kufurika. Mtu akisahau akamimina mara mbili, na asichungulie ndani, kichwa cha risasi kitakaa juu ya baruti hiyo kama kawaida. Bastola itakayofyatua risasi hiyo inaweza kupasuka mkononi mwa mwenyewe.

Inakuwaje kiasi kidogo hivyo kitoshe kusukuma risasi, na kikiongezwa mara moja tu kigeuke hatari? Jibu liko katika istilahi moja ambayo kila mjaza risasi huanza nayo: kasi ya kuungua.

Kujaza risasi kwa mkono ni shughuli ya kawaida na halali nchini Marekani. Walengaji shabaha hukusanya maganda yaliyokwisha kutumika na kuyajaza upya nyumbani, wengine kwa kubana gharama, wengine kwa kutafuta risasi inayoendana na silaha yao kuliko zile za dukani. Vitu vinavyohitajika ni vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kiswahili kimejaliwa maneno hayo yote, ila hapo katikati lipo neno linalobeba mzigo mzito mno. Risasi ni madini yale mazito ya kijivu, ni kile kichwa kinachoruka, na ni kitu kizima chenye ganda. Anayeeleza kazi hii hana budi kutenganisha: kichwa cha risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni vyote vinne vikiwa vimeunganishwa.

Fataki, kwa bahati, lipo tayari. Wenye magobore walilitumia kwa kile kifuniko kidogo kinachogongwa ili kitoe cheche, na fataki ya risasi ya leo, iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, hufanya kazi ileile.

Baruti ndiyo yenye historia ndefu. Neno limetufikia kutoka nchi za Waarabu, Waajemi na Waturuki, na katika Kiarabu cha zamani lilitaja shura kabla ya kutaja mchanganyiko mzima wa shura, kiberiti na makaa. Pwani yetu ililijua neno hili kwa biashara. Mkataba ambao Sultani Said bin Sultan aliufunga na Marekani mwaka 1833, kupitia mjumbe Edmund Roberts, ulizitaja bunduki, baruti na risasi waziwazi: kisiwani Zanzibar Wamarekani waliruhusiwa kuziuza kwa serikali peke yake, na katika bandari nyingine za Sultani waliweza kumuuzia yeyote mwenye bei ya juu. Baruti iliyotajwa humo ni nyeusi, ile inayomiminwa mtutuni na kushindiliwa kwa mti.

Kisha neno likatanuka. Tanzania ina Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na baruti inayohusika hasa ni ile ya kupasulia miamba migodini na kwenye machimbo ya kokoto. Mchimbaji wa Geita akisema baruti, haiwazi bunduki hata kidogo. Anawaza kilipuzi, ambacho wimbi lake la mlipuko hupita ndani yake kwa maelfu ya mita kwa sekunde na kuvunja jabali.

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kusimama na kufikiri. Kilichomo ndani ya risasi ya bastola hakikukusudiwa kulipuka kwa namna hiyo. Kinaungua. Moto hushika uso wa kila punje na kuila kutoka nje kwenda ndani, tabaka baada ya tabaka, huku ukizaa gesi moto inayokisukuma kichwa. Kikilipuka kama baruti ya mgodini, silaha itavunjika kabla kichwa hakijasogea. Kwa hiyo ni busara kuwa na jozi ya istilahi: baruti lipuzi kwa ya miambani, na baruti sukumizi kwa ya risasini. Vivumishi vya aina hiyo tunavyo tayari, kama saidizi na unganishi, na msomaji hataviona vigeni. Anayeandika “baruti hulipuka ndani ya ganda” ameeleza kitu kingine kabisa.

Baruti sukumizi ya leo ina wazazi wengi wa Ulaya. Mwaka 1846 Christian Friedrich Schönbein, mkemia wa Basel, alitangaza pamba iliyotiwa asidi ambayo iliungua kwa ukali wa ajabu. Ukali huo ndio uliokuwa kikwazo: pamba iliwaka kwa pupa, isitabirike, na viwanda vilivyojaribu kuitengeneza viliripuka. Paul Vieille, Mfaransa, ndiye aliyeituliza. Mwaka 1884 aliilainisha kwa vimiminika hadi ikawa tope zito, akaitandaza kama karatasi, akaikata vipande. Pamba iliyokuwa na nyuzi na matundu sasa ilikuwa kitu kigumu kisichopenyeka, na moto uliweza kuushambulia uso wake tu. Jeshi la Ufaransa likaipokea katika bunduki ya Lebel ya mwaka 1886. Mwaka uliofuata Alfred Nobel akachanganya pamba hiyo na nitrogliserini. Tangu hapo kuna koo mbili: baruti ya msingi mmoja, yenye nitroselulosi peke yake, na baruti ya misingi miwili, iliyoongezewa nitrogliserini. Bullseye ni ya misingi miwili.

Jina lililoenea kwa ukoo huo ni baruti isiyo na moshi. Linatosha, ingawa baruti yenye moshi kidogo lingekuwa kweli zaidi. Kinachokera ni “poda isiyo na moshi”, tafsiri inayoonekana hapa na pale. Poda ni unga, na humo kwenye kopo hakuna unga. Kuna punje zenye umbo lililoamuliwa kwa makusudi, na umbo hilo ndilo nusu ya habari.

Maumbo makuu ni matatu. Kuna vipande bapa, kama vya Bullseye na dada yake Unique wa mwaka 1900. Kuna vijiti vilivyokamuliwa kwenye tundu na kukatwa, mara nyingi vikiwa na uwazi katikati. Na kuna vitufe, ugunduzi wa Fred Olsen wa kampuni ya Western Cartridge mwaka 1933. Aliyewahi kuwasha jiko la kuni anajua kwamba kilo moja ya vitawi huisha mapema wakati kilo moja ya gogo ingali inawaka, kwa kuwa vitawi vina uso mwingi wa kushikwa na moto. Kipande bapa chembamba kina uso mkubwa kwa uzito wake, basi hutoa gesi yake upesi. Kitufe kina uso unaopungua kadiri kinavyoliwa, kwa hiyo watengenezaji hukipaka kemikali ya kuuchelewesha moto mwanzoni. Juu ya yote hupakwa grafiti ili punje ziteleze vizuri na zisikusanye umeme tuli, na ndiyo maana baruti hizi huwa na rangi ya kijivu inayong’aa.

Vieille aliacha pia kanuni ambayo inafanya istilahi yetu iwe ngumu kidogo. Aligundua kwamba kasi ya kuungua hupanda pamoja na shinikizo la gesi inayoizunguka punje. Kifuko kidogo cha baruti hii kikiwashwa mahali pa wazi huwaka kwa mwali mkubwa, kikaisha. Kikiwashwa ndani ya ganda lililozibwa, gesi ya kwanza huongeza shinikizo, shinikizo huongeza kasi, kasi huzaa gesi zaidi. Basi kasi ya kuungua si namba moja ya kudumu kama uzito wa mfuko wa saruji. Jedwali ambazo watengenezaji huzichapisha, zikianza na baruti ya haraka kuliko zote na kumalizia na ya polepole, zinaonyesha nafasi tu. Hazisemi moja imeizidi nyingine kwa kiasi gani, na baruti mbili zilizokaa jirani zinaweza kubadilishana nafasi zikihamia kwenye risasi ya aina nyingine. Mtu asichukue kipimo cha baruti moja akakitumia kwa jirani yake.

Kwa bastola, mtutu wa inchi 4 au 5 huamua mengi. Kichwa huumaliza kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, na baruti ya bunduki kubwa ya kuwindia, iliyoumbwa kwa mtutu wa sentimita 60, ingetoka mdomoni ikiwa bado inawaka, mwali mkubwa na nguvu kidogo. Bastola huhitaji baruti ya haraka. Ila haraka nayo ina ngazi, na kila risasi ina kikomo chake cha shinikizo. Taasisi ya SAAMI, inayoweka viwango vya Marekani tangu 1926, imeipa .38 Special kikomo cha pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, .45 ya Browning pauni 21,000, na 9mm ya Luger pauni 35,000, sawa na .357 Magnum ya mwaka 1935.

Tazama jinsi namba hizo zinavyochagua baruti. Risasi ya .45 ina kichwa kinene na kizito kinachoenda taratibu chini ya shinikizo dogo. Bullseye humfaa sana mlengaji shabaha. Katika 9mm ganda ni dogo na shinikizo ni kubwa, kwa hiyo wengi huchagua baruti za kati kama Unique au HP-38, ambazo shinikizo lake halipandi ghafla. Kwa .357 na .44 Magnum, anayetaka kichwa kizito kiende kwa mwendo wa juu hutumia H110, baruti ya vitufe ya polepole inayoujaza karibu uwazi wote wa ganda na kuendelea kusukuma wakati kichwa kimekwisha kuanza safari. Hiyo ina sharti lake: mtengenezaji anaonya isipunguzwe. Wengi hudhani kupunguza ni salama siku zote, lakini H110 ikiwa kidogo mno huweza kushindwa kuwaka vizuri, kichwa kikakwama mtutuni, na risasi inayofuata ikagonga njia iliyozibwa. Vipimo vyenyewe mahali pake ni kitabu cha mtengenezaji, kwa kila baruti na kila kichwa.

Maneno mengine mawili yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kitenzi kushindilia. Kamusi zimelihifadhi kwa gobore, na huko ni sahihi, kwa kuwa baruti nyeusi hutakiwa ikandamizwe. Katika risasi ya bastola ni kosa la hatari: kichwa kikisukumwa ndani kupita kina chake, nafasi hupungua na shinikizo hupaa, hasa katika ganda dogo la 9mm. Huku baruti hupimwa na kumiminwa.

La pili ni kipimo cha uzito. Wamarekani hupima baruti kwa kizio cha kale kilichotokana na mbegu ya nafaka, ambacho ni gramu 0.0648, pauni moja ina 7,000. Kwa Kiingereza neno hilohilo hutaja punje moja ya baruti, na walioanza juzi huchanganyikiwa. Kiswahili hakilazimiki kuurithi utata huo. Punje ibaki kuwa punje, na kizio kiitwe greni. Kifupisho kiandikwe kwa ukamilifu pia, maana “gr” likisomwa kuwa gramu, kipimo kimezidishwa zaidi ya mara 15.

Majina ya baruti yasitafsiriwe wala kuchanganywa na yanayofanana nayo. HP-38 na 231 ni baruti ileile kwenye makopo mawili, kama zilivyo H110 na 296. Mtu hawezi kukisia hilo kwa kuyatazama majina. Kinyume chake, kampuni ya Hodgdon iliwahi kuuza Clays, Universal Clays na International Clays, baruti tatu za kasi tatu tofauti. Na 700-X na 800-X, zinazoonekana kama ndugu wa kupokezana, ziko mbali kabisa kwenye jedwali: ya kwanza ni ya haraka sana, ya pili ni ya polepole.