Kupiga Kasia katika Mto Nile, Jinja

Vitabu vingi huanza historia ya Nile ya Jinja, Uganda, tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alipoyaona maporomoko aliyoyaita Ripon. Hata hivyo, maandishi ya Speke mwenyewe yanaonyesha kwamba hakukuta mto mtupu. Aliwaona wavuvi wa Kisoga na Kiganda wakitoka na mitumbwi, kivuko kikivusha watu, na viboko na mamba wakijilaza majini. Kwa hiyo wapiga kasia walitangulia "ugunduzi" huo.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, na maporomoko ya Ripon yakazama. Miaka ya 1990 wageni walianza kuja na kayaki kushindana na mawimbi ya Bujagali, mahali patakatifu kwa Wasoga. Bwawa la Bujagali, lililozinduliwa 2012, likayafunika maporomoko hayo pia. Waendesha kayaki wakahamia chini ya mto, lakini mwaka 2019 bwawa la Isimba likapunguza tena maji ya kasi.

Leo, karibu na mji, mtu hupiga kasia polepole kwenye maji yaliyotulia akitazama furukombe na minandi. Maji makali yamebaki sehemu chache, kama Itanda.

Umeme tunauhitaji. Lakini kila bwawa limezamisha pia ujuzi wa njia za majini. Wanafunzi wa historia tuwahoji wavuvi wazee sasa, kabla ujuzi huo haujapotea nao.