Polisi na Mgonjwa wa Akili: Familia Ifanye Nini?

Alhamdu liLLaah. Mwenye ndugu bara, hata mbali kama Igowole wilayani Mufindi, huenda akapigiwa simu usiku: ndugu yako amechanganyikiwa, ameshika panga, na majirani wanataka kumfunga kamba. Je, kuwaita polisi ni kumdhalilisha?

Hukumu ya sharia

Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) amefundisha, katika Hadiyth aliyoipokea Abu Daawuud, kuwa kalamu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie. Basi hana dhambi kwa alilolitenda akiwa katika hali hiyo, ingawa alichoharibu hulipwa kutoka katika mali yake. Kumpiga au kumtukana si halali. Kumzuia asijidhuru wala asidhuru wengine ni wajibu, kwa kiasi cha haja tu. Hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa 1284, ilikuwa na sehemu maalumu ya wagonjwa hawa. Na ruqyah haizuii dawa.

Sheria ya nchi

Tanzania Bara, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inamruhusu polisi kumchukua mtu anayeonekana kuugua akili na kuwa hatari, na kumfikisha hospitali. Kazi hiyo ni ya kumwokoa, si ya kumuadhibu. Wenye maradhi mazito hupelekwa Mirembe, Dodoma, iliyoanzishwa 1927. Unguja ipo Kidongo Chekundu.

Wengi huogopa kupiga simu kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya bara inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Hofu hiyo inaeleweka, lakini kulinda nafsi hutangulia.

La kufanya

1. Waondoe watoto, na ondoeni visu na mapanga ikiwezekana bila hatari.
2. Mtu mmoja anayemwamini azungumze naye kwa upole. Wengine wanyamaze.
3. Piga 112. Neno la kwanza liwe: "Ni mgonjwa wa akili, tunaomba apelekwe hospitali." Taja dawa anazotumia.
4. Kijijini, mwite pia mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii.
5. Ndugu mmoja afuatane naye, achukue cheti cha kliniki. Akiwa ameumia kwa kupigwa, ombeni PF3.
6. Akiwekwa mahabusu, mkumbusheni mkuu wa kituo, kwa adabu, kwamba anahitaji daktari.

Aibu ni kumwacha ndugu mikononi mwa kundi la watu. Kuomba msaada si aibu.

Wa Allaahu A'lam.