Fataki: Punje Isiyopikwa Nyumbani

Mchungaji Alexander Forsyth wa Belhelvie, huko Scotland, alipenda kuwinda ndege, na ndege walijua kumkwepa. Bunduki za zama zake zilikuwa za gumegume: jiwe lagonga chuma, cheche zaangukia baruti iliyo nje ya mtutu, moto wapenya tunduni, ndipo risasi itoke. Mmweko ule uliwashtua ndege kabla marisau hayajafika. Mwaka 1800 Edward Howard, Mwingereza, alikuwa ameieleza fulmineti ya zebaki, kemikali inayolipuka kwa kugongwa tu, nayo ilikwisha kumjeruhi. Forsyth alizigeukia kemikali za tabia hiyo, na mwaka 1807 akapata hataza ya bunduki inayowashwa kwa pigo.

Baadaye kemikali hizo zilifungiwa ndani ya kikofia cha shaba, ndiyo fataki. Nani alitangulia? Wadai ni wengi, Joshua Shaw akiwa na sauti kubwa kuliko wote, na ugomvi wao hautufai kitu. Linalotufaa ni jaribio la Woolwich, Uingereza, la mwaka 1834. Kila aina ya bunduki ilipigwa mara 6,000: ya gumegume ilikataa kulia mara 922, ya fataki mara 36.

Lakini jiwe huokotwa, risasi huyeyushwa jikoni, na hata baruti mafundi wa vijijini waliweza kuitengeneza. Fataki sharti inunuliwe. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliobana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, pwani yetu ikiwemo, uliacha mwanya kwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida. Bunduki za kisasa na risasi zake zikawa za wenye serikali.

Kufikia hapo fataki ilikwisha kuhamia kwenye kitako cha ganda la risasi. Katika miaka ya 1860 Edward Boxer, ofisa wa Uingereza, na Hiram Berdan, Mmarekani, kila mmoja alitoa muundo wake. Cha kuchekesha, Marekani ilimkumbatia Boxer na Ulaya ikamfuata Berdan. Fataki ya Boxer ina fuawe yake ndani, na ganda lake lina tundu moja katikati, hivyo sindano moja huisukuma nje ikishatumika. Ganda la Berdan lina fuawe yake lenyewe na kwa kawaida matundu mawili pembeni. Kuling'oa fataki ni adha. Nadhani ndiyo sababu kubwa iliyofanya kujaza maganda upya kuwe mazoea ya Wamarekani, tangu wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870 waliojaza maganda yao kambini.

Kemikali nazo zilibadilika. Zebaki ilidhoofisha shaba ya ganda, na klorati iliyochanganywa humo iliacha chumvi iliyoozesha mitutu kwa kutu, mpaka Wajerumani walipotoa mchanganyiko wa Sinoxid mwishoni mwa miaka ya 1920. Huo una madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo mjazaji hunawa mikono kabla ya kula.

Wajazaji wengi hupendelea kifaa cha mkononi cha kupachikia fataki. Kinashikwa kiganjani, kina kisahani kinachotikiswa ili fataki zilale upande mmoja, na wenzo unaobanwa kwa kidole. Faida yake ni kuhisi. Fataki ikifika chini, miguu ya fuawe hugusa sakafu ya kishimo chake, na mkono hujua. Ikiachwa juu, pigo la kwanza huishia kuisukuma tu na bunduki isilie. Katika bunduki nyingine inaweza kulipuka kabla ya wakati. Miwani ni lazima. Kuzimwaga fataki chupani ni kutengeneza bomu: ikilipuka moja, zote hufuata.

Mwaka 2020 na 2021 fataki ziliadimika Marekani. Wenye maganda, risasi na baruti tele walikaa bure. Wakati huo huo Remington, mmoja wa watengenezaji wachache wa fataki waliokuwepo, ilifilisika, na biashara yake ya risasi ikanunuliwa na Vista Outdoor, kampuni iliyokuwa tayari inamiliki CCI na Federal, watengenezaji wengine wa fataki.