Uhuishaji na Usanifu wa Mwendo katika Kuhifadhi Urithi

Istilahi ya uhuishaji imetokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai, nayo hutaja ufundi wa kupanga picha tuli zinazotofautiana kidogo kidogo, ambazo zikipita mbele ya jicho kwa kasi ya kawaida ya filamu, picha 24 kwa sekunde, huonekana kama kitu kimoja kinachokwenda. Usanifu wa mwendo ni ufundi wa jirani usiohitaji mhusika wala kisa: huamua mstari upi utangulie na umbo lipi lisogee, ili mtazamaji afuate maana hatua kwa hatua.

Uhuishaji umeshatumika kuhifadhi urithi: mwaka 1960 studio ya uhuishaji ya Shanghai ilitoa filamu ya viluwiluwi wanaomtafuta mama yao, iliyofuata michoro ya wino ya mchoraji Qi Baishi, na kwa njia hiyo mtindo wa kale wa Kichina ukapata mwendo bila kupoteza sura yake. Nchini Kongo, Jean-Michel Kibushi alihuisha mwaka 1991 simulizi ya Watetela kuhusu chura aliyekwenda ukweni.

Nchini humo humo, Likasi, mji wa migodi ya shaba uliokuwa ukiitwa Jadotville, una wakazi wengi wenye asili ya Kiluba, na urithi wao unaostahili zaidi ufundi huu ni lukasa, ubao wa kumbukumbu unaotoshea mkononi, wenye shanga, kauri na michongo. Mjuzi wa Mbudye, chama cha Waluba cha kutunza kumbukumbu, huushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga huku akisimulia habari za wafalme, koo na mahali patakatifu. Kwa hiyo mwendo tayari umo katika usomaji wenyewe, na msanifu anayezirusharusha shanga kwa ajili ya kupendeza macho huufuta badala ya kuuhifadhi. Tena ubao huo huo husomwa kwa namna tofauti kulingana na msomaji na tukio, ilhali filamu hugandisha usomaji mmoja, ndiyo maana inafaa ubao mmoja utengenezewe filamu kadhaa, kila moja ikifuata kidole cha msomaji wake. Studio yoyote ya Likasi au Lubumbashi itakayoshika kazi hiyo imlipe msomaji kama mtunzi mwenza, na jina lake litangulie la mchoraji.