Kaseti Iliyojifuta

Nyanya yangu alikuwa na podikasti kabla neno lenyewe halijazaliwa. Babu alikuwa dereva Dubai miaka ya 80 na barua hakuandika hata moja. Alirekodi kaseti. Mtu akija likizo anaileta hadi Mkongani, imefungwa ndani ya leso, na watu wanajazana kwa jirani mwenye redio-kaseti: salamu za ukoo mzima, bei ya mchele kule, kikohozi, halafu kimya kirefu babu akitafuta la kusema.

Philips ilitoa kaseti hizi mwaka 1963, na watu waliokuwa na ndugu mbali wakazifanya posta. Kaseti ilimfaa asiyejua kusoma, tena haikuhitaji kijana wa shule akusomee siri za ndoa yako (ingawa kwa jirani, siri gani?).

Lakini yao ilikuwa moja. Nyanya akitaka kujibu alirudisha nyuma, akabonyeza rekodi, akazungumza juu ya sauti ya mumewe. Babu akiipata, naye vivyo hivyo. Kila jibu lilifuta swali lake. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na leo hatuna hata dakika moja ya sauti yake.

Ndiyo maana niliamua kumrekodi nyanya akiongea na shangazi, ambaye sasa yuko Sharjah. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nina simu, laptopu ya mtumba na bajeti ya sifuri. Nilidhani ni rahisi: piga simu, rekodi, kwisha.

Kumbe Falme za Kiarabu zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka. Voice note zinapita, simu hazipiti. Tukatumia programu ya mikutano inayokubalika huko, shangazi akasikika kama anaongea mbele ya feni. Simu ya intaneti huikata sauti vipande vidogo vidogo, na kipande kikichelewa hakingojwi, kinatupwa, manake mazungumzo yanaendelea. Ukirekodi simu hiyo, unarekodi mashimo. Na usilaumu bahari. Tangu 2009 kebo ya TEAMS inatoka Fujairah, jirani kabisa na Sharjah, hadi Mombasa, karibu kilomita 5,000 chini ya maji. Kwetu kinachokwama ni kile kipande kifupi cha kutoka kwenye mnara hadi kwenye mwembe wa nyanya.

Dawa yake watu wa redio waliijua zamani: kila mmoja ajirekodi alipo, simu iwe ya kusikizana tu, kisha sauti mbili ziunganishwe baadaye. Yaani kaseti, ila ziwe mbili. Shangazi aliazima simu ya mwenzake wa chumba, akawasha rekoda iliyomo, akajifunika blanketi kuzuia mwangwi. Huku nikaiweka yangu juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na mdomo wa nyanya. Nikawaomba wote wapige kofi moja kwa pamoja, ili baadaye nione pa kuzipanga. Shangazi alituma faili yake usiku, bando ilipokuwa bei nafuu.

Kazi ya kuunganisha niliifanya kwa Audacity, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2000. Unaweka sauti ya kwanza juu, ya pili chini, unaoanisha makofi. Hakuna aliyeniambia kwamba saa za simu mbili hazilingani sawasawa. Ilipofika dakika ya hamsini nyanya alikuwa anajibu maswali ambayo shangazi hajauliza. Ilibidi niikate ya shangazi kila baada ya dakika kumi na kuisogeza kidogo kidogo. Siku mbili nzima.

Ila kabla ya yote hayo, siku ile ya kurekodi, shangazi alikuwa ameanza na swali: baba alikuwa anasema nini kwenye zile kaseti? Nyanya akanyamaza. Akaitazama simu pale juu ya kinu, kisha mimi.

“Mume wangu,” akaninong'oneza, anavyoniita siku zote, “nikijibu, si sauti ya mwanangu itafutika?”

Nikamwambia haifutiki. Akaniuliza tena. Nikamwambia haifutiki, nyanya. Akajifunga leso vizuri, akasogea karibu na kinu.

“Alikuwa anaanza hivi,” akasema.